Mia Mbili kwa Kila Ombi

Kwetu mtu akileta habari ya msiba haanzi na msiba. Utamuuliza za nyumbani, atajibu nzuri, utampa kiti, na ndipo atasema, "Ila baba ametutoka." Nimezeeka na desturi hiyo, nikaipeleka mahali isipofaa.

Binti yangu aliandika programu ya chama chetu cha wafugaji, ya kumwita daktari wa mifugo kwa simu. Mimi ndiye mwenyekiti. Alinieleza kuwa programu hujibu kila ombi kwa namba: mia mbili, yaani limefika; mia tano na tatu, yaani huduma haipatikani kwa sasa. Tena juu ya jibu la tatizo huwekwa mstari wa kichwa unaoiambia simu ijaribu tena baada ya muda gani. Wakati wa majaribio, wazee walipoona maandishi mekundu ya mia tano na tatu walirudisha simu mfukoni.

"Weka mia mbili kwa yote," nikamwambia. "Tatizo ulieleze chini, kwa adabu."

"Baba, simu haisomi adabu. Inasoma namba."

"Umesoma sana, mama. Lakini mgeni hafukuzwi mlangoni."

Akanitii, kwa kuwa mimi ni baba yake.

Mdogo wangu wa kike, mjane anayeishi Mabira, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwenye ndama. Kwa maziwa hayo alimsomesha mwanawe. Ng'ombe aliposhikwa na ndigana, ile homa ya kupe, alituma ombi. Mtambo wa kumpelekea daktari maombi ulikuwa umezimika. Jibu likarudi na mia mbili, maneno yangu ya adabu chini yake. Simu ikaona namba, ikamwekea tiki ya kijani, na haikujaribu tena. Akasubiri. Kesho yake akanipigia kuuliza daktari amekwama wapi.

Nikampigia daktari, Rubwera. "Sijaona ombi lolote la Mabira, mzee," alisema. "Ningekuwa nimeshafika. Naondoka sasa hivi."

Nilichukua bodaboda kutoka kwangu Kayanga. Njia nzima nilimwomba Mungu anyooshe mkono kwa mnyama mmoja tu, anichukulie mimi chochote akitakacho. Mwenye bodaboda aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aongeze mwendo.

Mdogo wangu alinipokea uani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema, akanitolea kiti.

Sikuweza kukaa. Nyuma yake, pembeni mwa kibanja cha migomba, ndama alikuwa analia, na daktari alikuwa anafunga mkoba wake.