Maneno ya Shemeji Kwenye Tovuti ya Ukoo

Nikiwa kijana nilikaa Kehancha misimu miwili nikikausha tumbaku. Shule niliiacha darasa la tatu, msiniulize, ni mambo ya ng'ombe na mwalimu. Mkuria aliyeniajiri hakuwa na maneno mengi. Akisema moto uwe mdogo, unakuwa mdogo. Tangu hapo nawapenda watu wa huko, mpaka mke wangu hunicheka. Ndiyo maana ukoo wetu ulipotaka tovuti, watoto walio mbali wasome mambo ya nyumbani, mimi mwenyekiti nilitafuta fundi Mkuria, anayefundisha kompyuta Migori mjini.

Nikamwambia aweke kumbukumbu za vikao vyote. Kwetu, neno likisemwa mbele ya ukoo ni la ukoo mzima. Nami nilidhani tovuti ni kama boma, wanaingia wa kwetu tu.

Sasa, mjane wa binamu yangu, anayeuza dagaa wa omena Homa Bay, alikuwa amekataa kurithiwa na ndugu wa marehemu. Kikao kilipomsukuma, akautaja ugonjwa wake. Karani akaandika, ikaenda kwenye tovuti. Siku moja mteja akamwuliza habari za dawa zake, mbele ya watu, simu mkononi.

Shemeji huyo alikuja kwangu bila kulia. Nikampigia fundi, akafika siku hiyo hiyo, akataka kuifuta ile faili.

"Usifute," shemeji akasema. "Kukataa kwangu kubaki kumeandikwa. Lakini wasiohusika wasisome."

Fundi akaliondoa jina la faili kwenye ukurasa. Mimi nikashukuru, nikaitisha chai. Yeye akachukua simu yangu, akaandika anwani ile ya zamani, maneno yote yakafunguka. Bado, akasema. Akainama tena kwenye kompyuta yake karibu saa nzima, kisha akamwuliza shemeji nani aruhusiwe. Shemeji akajitaja yeye na dada yake.

"Na mwenyekiti?" nikauliza.

"Mwenyekiti ameshasoma, Jaduong'. Na dunia pia," shemeji akanijibu, akiniita mzee kwa lugha yetu.

Nikamkumbusha fundi kwamba ni mimi niliyemwita.

"Ni kweli, mzee. Lakini maneno ni ya mama huyu."

Akampa shemeji kompyuta aandike paswadi mwenyewe, yeye akatazama ukutani. Akajaribu simu yangu tena: ikakataa. Niliona aibu, lakini kwa kweli nilimheshimu fundi huyo. Mwisho akafuta hata jina lake mwenyewe katika orodha ya wanaoruhusiwa, akafunga mkoba, akatoka langoni bila kunywa chai, na mpaka leo hajarudi.