Baba na Njia ya Chooni

Mdogo wangu alinipigia simu Katesh kunieleza kwamba baba ameacha ugali. Hakusema baba anaumwa. Kwetu Maretadu mtu anaweza kuumwa mgongo, meno na magoti kwa miaka na asipigiwe mtu simu. Mzee akiacha ugali, simu inapigwa.

"Anakunywa chai, analamba mtindi kidogo, anasukuma sahani," alisema. "Na jana ameniita zizini, dada. Ameanza kunionyesha ng'ombe. Huyu wa dada yako, huyu wako, huyu wa kanisa."

Nilifunga duka, nikaunganisha magari mpaka nyumbani.

Nilimkuta baba kwenye benchi mbele ya nyumba kubwa, amejifunika shuka juu ya koti, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilimpa shikamoo, akaitika. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Pembeni mwa benchi palikuwa na chupa ya maji ya kahawia, dawa ya wale wauzaji wa mnadani wanaotembea na kipaza sauti, dawa moja kwa chango, kiuno, bawasiri na mikosi.

"Ugonjwa wa mdogo wangu umehamia kwangu," alisema.

Baba yetu mdogo alikufa kwa tumbo. Lilivimba, akakonda, akazikwa bila mtu kujua jina la kilichomuua. Nilimuuliza baba kama kuna damu. Si swali ambalo binti humuuliza baba yake. Aliwageukia ng'ombe.

"Ipo," alisema.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: kama ni kansa au si kansa, na kama mzee aliyekwisha kugawa ng'ombe atakubali kwenda kupimwa. Hakukubali siku hiyo. Alikubali baada ya mdogo wangu kumwambia kwamba ng'ombe wa kanisa ana mimba na mchungaji atataka kujua mtoaji ni hai au marehemu.

"Mshenzi wewe," baba alisema, lakini alivaa viatu.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana. Alisimama, akatoa shikamoo kwanza, kisha akauliza choo kinatokaje. Baba alinyoosha kidole kwangu.

"Muulize huyu."

"Mzee, huyu haendi chooni kwa niaba yako."

Hapo baba alicheka bila kutaka, na kicheko kikafungua mdomo. Alieleza: choo kigumu, kinakuja baada ya siku nyingi, kinachana, kinatoa damu nyekundu. Akinywa ile chupa anaharisha siku nzima, halafu kunafunga tena zaidi ya mwanzo. Ndiyo maana ameamua kula kidogo. Kisichoingia hakitasumbua kutoka.

"Huwa unajizuia haja ikikujia?" daktari aliuliza.

"Hapana," baba alijibu upesi. Niliona upesi ule, nikauweka akilini.

Daktari alituambia ukweli bila kuupamba. Damu ya bawasiri na damu ya kansa ya utumbo mpana haziwezi kutofautishwa kwa kubahatisha, hasa kwa mtu wa umri wake aliyekonda. Kuna mpira mwembamba wenye kamera. Utaingia kwa nyuma, utatazama utumbo mpana wote. Kabla ya hapo anywe dawa ya kuusafisha.

Baba alilazwa karibu na vyoo, akanywa jagi baada ya jagi. Nilipokwenda kumwona alikuwa amechoka, macho yanang'aa.

"Mwanangu, leo umetoka hata ugali wa ubatizo wangu."

Wakati wa kipimo mdogo wangu na mimi tulikaa kwenye benchi la ukutani. Nilijikuta nikihesabu vigae vya sakafu, nikaacha, nikaanza tena. Daktari alipotoka alikuwa anavua glavu, na alisema kabla hajatufikia:

"Hakuna kansa. Utumbo ni safi."

Mdogo wangu alikaa sakafuni. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alikaa sakafuni kwa makalio na kuanza kucheka.

Kilichokuwepo ni bawasiri, yaani mishipa iliyovimba kwa kusukuma sana, na mpasuko mdogo penye njia ya kutokea. Vyote viwili vimeletwa na choo kigumu. Daktari alitufafanulia jinsi kinavyokuwa kigumu: kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, na kadiri choo kinavyokaa humo ndivyo kinavyokauka. Ule maharage, mboga za majani, dona badala ya sembe. Unywe maji. Uache chupa ya mnadani. Na haja ikija, nenda, usiiambie isubiri.

Nilibaki nyumbani kuhakikisha. Jambo la kwanza nililogundua lilikuwa mezani. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ni mwanamke wa heshima. Tangu aolewe hapo alimpikia baba mkwe peke yake: ugali mweupe wa sembe iliyokobolewa mpaka inang'aa, na mtindi. Watoto walikula makande na mboga ya maboga. Mzee alipewa chakula laini kwa sababu ni mzee. Nilipomwambia kwamba daktari anataka mzee ale makande, alishika mdomo.

"Nimpe baba makande? Watu watasema nimechoka kumtunza."

"Waseme. Mpe."

Alimpa. Baba alilalamika kwamba majani ni ya ng'ombe, kisha akala yote. Lakini siku zilipita na choo hakikuja kama inavyotakiwa. Nikakumbuka lile "hapana" la upesi. Nikabeba ungo wa maharage, nikakaa uani kuchambua, macho yangu yakiwa kazini.

Baada ya chai baba aliinuka kwenye benchi. Alishika njia ya chooni, hatua za mtu anayejua anakokwenda. Njia ile inapita mbele ya jiko, na mlangoni mwa jiko wifi alikuwa ameinama anapuliza moto. Baba alimwona. Akapinda kuelekea zizini, akavuta kamba ya ndama ambayo haikuwa na tatizo lolote, akarudi kukaa. Baadaye akainuka tena. Sasa wifi alikuwa anaosha vyombo palepale. Baba akaenda kukagua bati la ghala.

Nilielewa, na nilishangaa kwamba tulihitaji kamera kutazama ndani ya mzee ilhali nusu ya jibu ilikuwa uani. Kwetu baba mkwe hapiti mbele ya mke wa mwanawe akielekea chooni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watu wote wanaijua. Jiko lile lilijengwa mdogo wangu alipooa, mlango ukawekwa upande wa njia bila mtu kufikiri. Na mwanamke wa nyumbani hutoka jikoni saa ngapi? Tangu siku hiyo baba alikuwa anasubiri mkwe wake aende shambani au kisimani. Mvua ikinyesha, wifi hatoki jikoni siku nzima. Alikuwa ameiambia haja yake isubiri mpaka ikageuka jiwe.

Baba nisingeweza kumwambia. Nilimfuata wifi kisimani. Nilimweleza nilichoona, maneno machache, nikitazama maji. Alitua ndoo.

"Miaka yote hii mimi nafikiri mzee anapenda sana ndama."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Alipofuta machozi aliniambia nisiseme neno tena, kwa mtu yeyote.

Jioni hiyo, mbele ya wote, alimlalamikia mume wake kwamba moshi wa jikoni unamuumiza macho. Mlango upo upande mbaya wa upepo. Anataka uzibwe, ufunguliwe mwingine upande wa migomba.

"Upepo gani?" mdogo wangu aliuliza. "Upepo si unatoka kulekule kwenye migomba?"

"Wewe unapika?"

"Hapana."

"Basi toboa ukuta."

Baba alikuwa anakunywa chai. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Moshi ni mbaya sana kwa macho. Mtobolee."

Ukuta wa udongo hauna kazi kubwa. Mlango wa zamani ulizibwa kwa fito na udongo, na wifi akapika upande wa migomba. Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, jua likiwa limepanda na watu wote wapo, baba aliinuka. Alipita mbele ya ukuta mbichi bila kugeuza shingo. Alikaa huko muda wa kutosha. Aliporudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, na akaagiza maharage yaliyobaki jana.

Nilirudi Katesh. Habari zilinifuata kwa simu: anakula, damu imekoma, mkanda umerudi kwenye tundu lake la zamani, na ameghairi kugawa ng'ombe wote isipokuwa yule wa kanisa, maana mchungaji alikwisha kumwona.

Nilipokuja kwa mavuno nilimkuta na jirani yetu, mzee wa rika lake, mtu mkubwa aliyekuwa amepungua ndani ya koti. Jirani alizungukazunguka: mvua, bei ya maharage, tumbo la watu wengine. Mwishowe akataja damu, kwa sauti ya chini.

Baba hakushusha sauti yake.

"Mkwe wako anapikia wapi?"

Jirani alimkodolea macho. "Mkwe wangu anaingiaje hapa?"

"Nijibu. Mlango wa jiko unatazama wapi?"

Mzee yule alifikiri. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, kisha akacheka kwa aibu, mkono mdomoni kama mtoto.

"Basi nitafute fundi," alisema.

"Fundi baadaye. Damu haibahatishwi. Kwanza unakwenda kupimwa, na mimi nakupeleka." Baba alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta kofia. "Watakunywesha majagi ya dawa. Usiogope. Vyoo viko karibu."