Mnyororo Mmoja, Baiskeli Mbili

Mkata vitambaa wa kile kiwanda cha sare aliitwa Mkasi, na jina lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Miaka kumi na minne alisimama kwenye meza ileile ndefu, akichora kwa chaki na kukata mashati ya wanafunzi tabaka ishirini kwa mpigo, na miaka hiyo yote alikwenda kazini kwa miguu, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Magoti yalipoanza kumlalamikia kila akipanda ngazi, mkewe akamwambia, "Baba, nunua baiskeli au nunua magoti mengine. Na magoti sijui yanauzwa wapi."

Basi akanunua baiskeli. Usidhani ni zile za gia ishirini na moja, nyaya zimezagaa kila upande. Hii ilikuwa ya gia moja, mtumba, fremu nzito ya chuma, madigadi mawili, keria nyuma, na kengele iliyokuwa inakohoa badala ya kulia. Fundi baiskeli aliyemuuzia aliizungusha pedali kwa mkono akasema, "Hii haina maringo, kaka. Kitu ambacho hakipo hakiharibiki. Kilima kikikushinda, shuka usukume, hakuna atakayekucheka ila wanao."

Kisha, bila kuulizwa, akampa somo la wezi. Ipake rangi mbaya, kwa sababu kinachokupendeza wewe na mwizi kinampendeza. Magurudumu yakazwe kwa nati, mwizi asiye na spana aende kwa jirani. Kiti kifungwe kwenye fremu kwa kipande cha cheni kuukuu. Na kufuli iwe ya maana. "Ukiifurahia bei ya kufuli," alisema, "mwizi naye ataifurahia hiyo kufuli."

Mkasi alishika yote, akapitiliza. Aliipaka baiskeli masalia ya rangi ya geti, kahawia ya kutia huruma. Chini ya fremu akachora alama yake kwa msumari. Usiku baiskeli ililala sebuleni, na wakati wa kula jioni, ikiwa bado imeegeshwa nje, aliinuka mara tatu kuichungulia dirishani. "Tangu unioe hujanichungulia hivyo," mkewe akasema. "Mke mwenza ningemvumilia. Huyu hata hasalimii."

Nyuma ya kiwanda palikuwa na uwanja mdogo uliotazama kichochoro, na utaratibu wa kuegesha ulikuwa wa watu wa pale wenyewe. Nguzo za chuma zilikuwa chache na minyororo mizuri ni ghali, kwa hiyo watu walifungana wawili wawili: mnyororo mmoja, baiskeli mbili, funguo mbili. Waliitana pacha. Aliyewahi asubuhi alifunga yake, aliyechelewa akafungua akazifunga zote pamoja. Na aliyetangulia kutoka, kabla hajakanyaga pedali, sharti amfungie mwenzake. Hapakuwa na sheria nyingine katika uwanja ule, na hiyo moja haikuandikwa popote.

Pacha wa Mkasi alikuwa Dada Kola, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mshona kola za mashati. Pacha wake wa kwanza alikuwa amestaafu, na siku Mkasi alipoingia na baiskeli yake ya rangi ya geti, Dada Kola aliitazama juu mpaka chini akasema, "Mdogo wangu, hii hata ukiiacha sokoni utarudishiwa. Haya, njoo tufungane."

Alikuwa mcheshi, lakini kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha. Mama yake mzazi alikufa akiwa amesahau majina ya wanawe wote. Dada Kola ndiye aliyemlisha kwa kijiko miaka minne, akiitwa "wewe binti wa watu." Siku moja wakati wa chai alimwambia Mkasi, kwa sauti ya chini, "Kufa sikuogopi. Naogopa ile." Mkasi alilisikia hilo kwa masikio yake mawili. Likumbuke, maana baadaye hakuweza kusema hakujua.

Sasa Alhamisi moja, saa saba mchana, mvua ikashuka kwa kishindo. Mkasi akaifikiria cheni yake aliyoitia mafuta jana yake tu. Akatoka mbio, akafungua mnyororo, akaiburura baiskeli yake hadi chini ya kibaraza cha mlango wa nyuma. Nia yake, na hili namtetea, ilikuwa arudi achukue na ya Dada Kola. Lakini msimamizi akamwita kutoka ndani: robota la kitambaa cha bluu limefika, likatwe sasa hivi. Mkasi akautundika mnyororo kwenye usukani wa baiskeli yake, akaingia, akashika mkasi. Mvua, kelele za cherehani, kitambaa kinachoteleza. Akasahau.

Alikumbuka saa tisa, chaki ikiwa mkononi. Akatoka nje. Mvua ilikuwa imekatika, na kwenye nguzo hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo pa kumlaumu. Kusahau kila mtu husahau. Mimi mwenyewe nimesahau makubwa zaidi. Lakini Mkasi alisimama pale, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mtu. Akaichukua baiskeli yake, akairudisha kwenye nguzo palepale ilipokuwa asubuhi, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Mikono ilifanya yenyewe, ndivyo alivyojiambia baadaye. Ala! Tangu lini mikono ikatoka bila mwenyewe?

Saa kumi na moja Dada Kola akatoka. Akaiona nguzo, mnyororo, baiskeli moja ya rangi ya geti. Akaishika kufuli, akaigeuza geuza. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Lakini dada, si wewe uliyefunga asubuhi?"

"Ni mimi," akasema taratibu. "Nimefunga yake, yangu nimeiacha." Akamgeukia Mkasi. "Angalau yako ipo, mdogo wangu."

Mkasi akafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Pole sana, dada."

Pole! Neno lenyewe kutwa kucha likawa linamrudia.

Kiwandani, watu wa cherehani hawana dogo. Siku ya pili wakaanza: "Dada Kola, kichwa umekuja nacho leo?" "Dada, viatu umevaa vyote viwili?" Hawakuwa na ubaya; hawakujua la mama yake. Mwanzoni naye alicheka. Halafu Mkasi akaona ameanza kuzihesabu kola mara tatu, na kila fungu akaliwekea alama ya chaki ukingoni mwa meza. Akaona anafika getini, anasimama, anarudi nyumbani kuhakikisha jiko amelizima. Wiki ya pili alishona kola dazani nzima nje ndani, yeye ambaye msimamizi alikuwa akiwaonyesha wapya mikono yake. Kosa lilikuwa la woga tu, ila yeye alilipokea kama barua aliyokuwa akiisubiri.

Mkasi alitafuta namna ya kulipa bila kusema. Akamwambia, "Dada, nyumba yako iko njiani. Nitakubeba." Ikawa kila asubuhi na jioni Dada Kola anakaa kwenye keria, pochi mapajani, na Mkasi anakanyaga gia yake moja kupandisha kilima huku jasho linamchuruzika. Alifurahia kuumwa na magoti. Aliona ni haki yake. Lakini kila wakifika, Dada Kola anashuka, anamshika bega, anasema, "Mungu akuweke, mdogo wangu. Watu kama wewe wamebaki wachache." Na Mkasi anatamani ardhi ipasuke.

Mkewe aliona. "Unakula kama mtu anayemeza dawa," akamwambia. "Una nini?"

"Uchovu."

"Uchovu hauoni aibu," mkewe akasema, akatoa sahani.

Hata hivyo hakusema. Kila siku alijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa nzito kuliko jana, kwa sababu sasa ilibidi akiri na zile siku alizonyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Mkasi ilikwenda wiki tatu.

Jumatano ya wiki ya tatu, asubuhi, wakiwa wanakaribia kiwanda, Dada Kola alisema nyuma ya mgongo wake, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia nyumbani, "Leo nakwenda kwa msimamizi. Namwambia anitoe mashineni. Afadhali niondoke kwa miguu yangu kuliko kungoja kuondolewa. Na binti yangu nimemwambia aanze kufikiri nitakaa na nani, wakati bado namjua jina."

Mkasi akabana breki zote mbili.

"Kuna nini?"

"Shuka, dada."

Akashuka. Mkasi naye akashuka, akaishikilia baiskeli katikati yao kama mtu anayejikinga na mvua ya mawe. Alitaka kuanza mbali, aeleze la mvua, la robota la bluu, la msimamizi. Lakini akasema tu, "Ulifunga."

"Nini?"

"Siku ile. Ulizifunga zote mbili. Mimi ndiye niliyefungua mchana, niihifadhi yangu isinyeshewe. Yako nikaisahau. Niliporudi haipo, nikairudisha yangu kwenye nguzo, nikafunga. Nikakuacha udhani ni wewe."

Dada Kola alimtazama mdomoni, kana kwamba maneno bado yanatoka. "Sema tena. Nilifunga?"

"Ulifunga, dada."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Kufuli niliikuta imekazwa."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanatiririka, mpita njia akageuka kutazama. "Nilifunga! Jamani, nilifunga mimi!" Mkasi naye, mjinga wa watu, akaanza kutabasamu, akadhani limekwisha.

Kicheko kikakatika.

"Wiki tatu," Dada Kola akasema. "Wiki tatu nalala na taa nikiyarudia majina ya wanangu. Na wewe unajua. Wewe peke yako nilikuambia."

"Najua, dada. Nisamehe. Chukua baiskeli hii. Leo hii, iwe yako."

"Baiskeli!" Aliitazama kwa mara ya kwanza kama kitu kichafu. "Wewe unadhani nililia baiskeli?"

Akajifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akashika njia, na Mkasi akamfuata nyuma akisukuma, hathubutu kuwa sambamba naye. Uwanjani hakumngoja. Aliingia ndani, akaketi kwenye cherehani yake, akatia uzi sindanoni mara moja tu bila kukosea, akaanza kola ya kwanza. Kwa msimamizi hakwenda.

Mkasi alifunga baiskeli peke yake. Kisha akaenda hadi kwenye meza yake ndefu, akaipiga kwa rula ya chuma mara mbili. Cherehani zikanyamaza moja baada ya moja. Ni moja tu iliyoendelea, ya kola.

"Jamani," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Baiskeli ya dada. Yeye alifunga. Mimi ndiye niliyeiacha wazi, halafu nikaficha."

Dada Kola alikata uzi kwa meno, akaiweka kola kwenye fungu, akachukua nyingine. Hakuinua kichwa.

"Sema kwa sauti," akasema. "Wa kule mwisho hawajasikia."