Chura Asiyepiga Kelele

Kazini walimwita Manyunyu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia pampu zilizonguruma kutwa kucha ili vyura wasikauke.

Vyura wenyewe walikuwa wadogo kama kucha ya kidole gumba, rangi ya ndizi mbivu, na kwa kudeka hawakuwa na mfano. Kwao ni chini ya maporomoko fulani, ndani ya manyunyu yasiyokatika. Mto ulipojengewa bwawa, maporomoko yakabaki mchirizi, na vyura waliosalia wakahamishiwa kwenye masanduku ya vioo. Manyunyu yakikatika asubuhi, jioni unafagia maiti.

Chura huyu hatagi mayai majini kama vyura wenye adabu zao. Anazaa watoto kamili, miguu yote ipo, kila mmoja kama punje ya mtama. Wala hapigi kelele; penye ngurumo za maporomoko, nani angemsikia? Dume akitaka mke huinua mguu wa mbele, akapunga, akasubiri. Akipewa mgongo, anapunga tena. Manyunyu alimwona mmoja aliyepunga asubuhi nzima bila mafanikio, akamwonea huruma ya kweli.

Nyumbani huruma hiyo haikuonekana. Mkewe, fundi cherehani, alimwambia chumvi imekwisha, mwanamume kimya. Akamwambia paa linavuja; mwanamume akatabasamu, akatikisa kichwa, akaendelea kula. Kila akiitwa kutoka jikoni, anakula jiwe.

"Amejitia hamnazo," mkewe alimlalamikia dada yake. "Naongea na ukuta, tena ukuta wenyewe unanichekea!"

Dada akamwambia chumba kipo, aje. Mke akafunga virago vyake katika begi moja. Kwa kuwa ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja, akaupeleka kazini kwa mumewe, na njia nzima alikuwa akijipangia maneno ya kumpa.

Chumba cha vyura kilimpokea kwa mvuke na ngurumo. Akaanza kusema, asijisikie hata mwenyewe. Mumewe akajibu kitu.

"Nini?" akauliza.

Mumewe akarudia.

"Nini? Paza sauti!"

Akarudia tena, na mwanamke, kwa kuona aibu kuuliza mara ya tatu, akatabasamu na kutikisa kichwa. Hapo ndipo alipoganda. Tabasamu hilo alilijua. Lilikuwa limemtia hasira mezani miezi na miezi.

Akamshika mkono, akamtoa hadi ukumbini kwenye utulivu, akafunga mlango. Akamgeuza uso ukutani kama mtoto anayepimwa urefu, akasimama nyuma yake.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya kawaida, "leo nakuacha."

Manyunyu akaendelea kutazama ukuta kwa heshima zote, akisubiri kuambiwa afanye nini.

Mkewe akamgeuza tena. "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, mke wangu," akajibu akitabasamu. "Sawa kabisa."

Mwanamke akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio papo hapo. Akaketi juu ya begi lake, akainua uso ili midomo yake ionekane vizuri. "Tangu lini husikii?"

Manyunyu akatazama kulia na kushoto, asije akasikiwa na wenzake.

"Siku nyingi," akasema. "Niliogopa ukijua utaniacha."