Sufuria ya Mama

Mwanangu wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, akaishi mpaka alfajiri. Nilirudi Bagamoyo na mshono, na maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Mama akasema mzazi ni mzazi, awe na mtoto asiwe naye. Akabandika sufuria kubwa, akanikanda tumbo kwa maji ya moto, kisha akanifunga mkaja, kanga iliyokazwa mpaka nikakosa pumzi. Nilipolia alisema, "Vumilia mwanangu, damu chafu lazima itoke." Kilichotoka ni usaha. Nikalazwa tena, mshono ukafumuliwa, nikasafishwa.

Miaka ikapita bila mimba. Daktari wa Dar akanieleza kwamba kidonda kilioza mpaka ndani na mirija ya uzazi imeziba. Nitapata mimba kwa kupandikizwa tu. Sikumwambia mama. Nilimwacha ahangaike na visomo na kombe la maji ya aya, akidai nina jini. Jini gani huyo, wa kukaa kwenye mirija? Nilikunywa kombe lake, nikala wali wake, na nilimchukia.

Mimba ya kwanza ya kupandikizwa ilitoka. Ya pili ikashika. Daktari akanionya kwamba kovu la zamani ni jembamba, nisibebe ndoo wala nisingoje uchungu. Kila nikikohoa nilishika tumbo, nikiogopa litapasuka na mtoto ndani.

Mwezi wa mwisho mama alikuja kwangu na doti mpya ya kanga na sufuria yake. Nikamkuta uani anasugua masizi ya sufuria ileile. Hasira ikanipanda.

"Mama, safari hii hunigusi. Maji yako ndiyo yaliyoniharibu. Daktari kaniambia."

Alimaliza kusugua, akaifudikiza sufuria chini, akaingia ndani kuswali, na adhana bado.

Binti yangu alitolewa akilia, alhamdulillahi. Wodini mama alikaa kwenye stuli, mikono kaificha ndani ya baibui. Nikamwambia ampokee mjukuu wake.

"Mpe baba yake. Mikono yangu hii naiogopa."

"Mpokee, mama. Tafadhali."

Akainuka, akasema akanawe kwanza. Nilisikia bomba la koridoni likimwaga maji. Mtoto alinyonya, akashiba, akalala kifuani pangu, na mama alikuwa bado ananawa.