Cherehani Iliyosomewa Dua

Mjomba alikata gundi ya boksi kwa kisu cha jikoni, akaondoa makaratasi, akaingiza mkono ndani na kuinua waya. Waya mweusi, mrefu, wenye plagi ya pini tatu. Aliunyanyua juu ili watu wote wauone, maana alikuwa hajajua kwamba kuna kosa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni mwa dada yangu, nikaliona. Kitongoji chetu kiko juu kabisa, Mgeta, na nguzo za umeme hazijafika. Tulicho nacho ni sola ya taa mbili na ya kuchajia simu.

"Haya, na mkono wake uko wapi?" mjomba akauliza, akichungulia tena ndani ya boksi.

Mkono haukuwepo. Tulikuwa tumeagiza cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha mpini wa pembeni, tukapewa ya umeme. Akina mama waliokwisha kuandaa vigelegele walivimeza. Nilimtazama dada yangu na sikupenda nilichokiona: alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea.

Dada yangu huyu ana miguu dhaifu tangu utotoni na hutembea kwa magongo mawili. Shamba la kwetu limeinama kama paa la nyumba, kabichi unazipalilia huku umejishikilia usije ukabiringika. Hajawahi kulima, na watu hawajawahi kuacha kumkumbusha kwamba hajawahi kulima. Alikwenda kukaa Mlali kwa fundi mmoja wa kike, akajifunza kushona kwa cherehani ya mkono mpaka akaiva, kisha akarudi nyumbani na ufundi bila chombo. Sisi ndugu zake tukachanga. Kabla hata chombo hakijafika, wazazi wa shule ya kijijini walishamletea vitambaa vya sare za watoto wao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuaminiwa kazi, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akishindwa, vitambaa vingekwenda kwa fundi mwingine, na yeye angerudi kuwa mtu wa kupelekewa chakula.

Dukani Morogoro mjini tulikuwa tumekwenda wawili, mimi na mjomba. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito, kaka wa mama ndiye mwenye neno. Mwenye duka alishika wembe akataka kukata gundi tuione mali yetu. Mjomba akamzuia.

"Usifungue, bwana. Kikifika kimefunguliwa watasema tumemletea mtumba."

Zawadi ya ukoo kwetu hupanda mlima imefungwa. Hufunguliwa na mjomba mwenyewe, baada ya dua, mbele ya watu. Basi boksi lilipanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, likashushwa barabarani, likapandishwa njia ya miguu juu ya vichwa vya wanaume waliokuwa wakipokezana, likangoja siku mbili tatu ukoo ukusanyike, na hakuna jicho lililopata kuona kilichomo. Mmoja wao alisema ni jepesi, tukamjibu kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo.

Basi waya ulipoonekana, nilisema palepale mkekani kwamba kesho inarudi dukani. Mjomba akanikata kauli.

"Hairudi. Kitu kimeshasomewa dua unakirudishaje dukani? Umeme utakuja. Atasubiri."

Atasubiri! Nilitamani kupiga kelele. Lakini kumpigia mjomba kelele mbele za watu ni jambo ambalo hata hasira yangu, na ninayo ya kutosha, haijawahi kulithubutu. Nikashuka peke yangu bila cherehani, nikajidanganya kwamba maneno yatatosha.

Mwenye duka ni mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nikamweleza. Hakubisha hata kidogo kwamba tuliagiza ya mkono, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko ubishi. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye kibao: mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

"Niliwaambia tufungue, mkakataa," akasema. "Halafu mmekwenda kufungua wenyewe. Mimi nitajuaje mmeifanyia nini huko milimani?"

Nikamwambia asante, mzee, nikatoka. Nilifika kituo cha mabasi ndipo nikajiuliza nimemshukuru kwa lipi.

Nafanya usafi chuoni Mazimbu, hapohapo Morogoro, na kazini niliwasimulia wenzangu wakanicheka: kwa nini nisiende kwa afisa biashara? Nikaenda, nikitegemea kuambiwa nirudi kesho. Afisa mwenyewe, mama mmoja, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo nilimwomba ayarudie, maana sikuamini. Kwamba ukiagiza kitu ukapewa kingine, hujapata ulichonunua, na una haki ya kukikataa ukapewa chako au pesa yako. Kwamba kukifungua nyumbani ndiko kukikagua, na kukagua ni haki yako, mradi hukukitumia na umesema mapema. Na kibao?

"Kibao aliandika yeye," akasema. "Sheria hakuiandika yeye. Akikataa, mpe simu niongee naye."

Miaka yote hii naviona vibao vile kila duka, nikiviheshimu kama maandishi ya msikitini. Nilishapokea viatu vya miguu miwili ya kushoto nikavigawa!

Nikapanda mlima kumwambia dada. Nilimkuta ameketi katikati ya vitambaa vya sare, amevikunja vizuri, kila kimoja na jina la mtoto. Nilimsimulia mbele ya mjomba, kwa makusudi. Mjomba akaanza tena habari za dua. Dada akamsikiliza kwa adabu hadi akamaliza.

"Mjomba, dua ile mliniombea mimi au mlikiombea chuma?"

Mjomba akakohoa. "Wewe, mwanangu."

"Basi mimi na dua yangu tunashuka nacho."

Sikuwahi kumsikia akimjibu mjomba. Kesho yake alishuka njia ile ya mteremko kwa magongo yake, mahali pengine kwa makalio, mimi nyuma nimebeba boksi nikimwambia taratibu kila jiwe lilipoteleza. Alikataa kubebwa. Tulipofika barabarani kanga yake ilikuwa imechanika na viganja vyake vimechubuka.

Dukani mambo yakaanza vilevile. Shikamoo, marahaba, kidole ukutani. Nikatoa simu nimpigie afisa, lakini dada akanigusa mkono. Alikuwa anatazama ukuta, chini kidogo ya kibao, kwenye soketi.

"Mzee," akasema, "kama hii ndiyo mashine yangu, naomba umeme wako. Kwetu haupo, hapa upo. Nitashonea hapa."

Mzee akadhani ni utani. Dada hakutania. Akaketi kizingitini, akaomba boksi, akaiweka cherehani juu ya kiti cha plastiki. Akavua kanga yake iliyochanika, akabaki na gauni, akaikunja tayari kuishona. Watu wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua uzi akauliza kuna nini, na dada akamweleza kwa sauti ileile ya upole, bila kuongeza chumvi: niliagiza ya mkono, nimepewa ya umeme, kwetu hakuna umeme, mzee anasema haibadilishwi. Akaja mwingine akauliza, naye akaelezwa. Wateja wawili waliokuwa ndani wanachagua mashine waliacha kuchagua.

Nikapiga simu, nikampa mzee. Alisikiliza. Alisema "ndiyo" mara kadhaa, na kila "ndiyo" ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Akanirudishia simu, akaingia stoo, akatoka na boksi.

Cherehani ya mkono, nyeusi, yenye mpini wake. Dada alinyoosha mikono kama anayepokea mtoto. Kisha akasita.

"Hili boksi mbona limekatwa?"

Mzee akajibu kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ndiyo hiyohiyo yenu. Siku ile maboksi yalibadilishana. Kuna bwana mmoja wa hapa mjini alitaka ya umeme, akapata hii. Alikuja nayo kesho yake, nikambadilishia."

Sikuelewa mara moja. Nilihitaji kuyapanga maneno yale kichwani. Kwa hiyo wakati mjomba anainua waya mbele ya watu, cherehani ya dada yangu ilikuwa imekwisha kurudi dukani. Mzee alijua yetu iko wapi. Namba yangu alikuwa nayo, nilimlipa kwa simu. Na siku niliyokuja kumwomba, akanionyesha kibao, yetu ilikuwa stoo nyuma ya mgongo wake.

"Yeye ulimbadilishia," nikasema. "Na kibao?"

"Yule alikuja anafoka," mzee akasema. "Anataka kuita polisi, anataka kunishtaki. Ninyi mlikuja vizuri."

Alisema hivyo, na nadhani alikuwa anatusifu.

Dada akaitoa boksini, akaiweka mbele yake. Akatia uzi, akazungusha mpini, akapitisha upindo wa kanga yake chini ya sindano, akatazama mshono upande huu na upande ule. Ulikuwa mzuri. Akajitanda, akachukua magongo yake. Mimi nikabeba cherehani.

"Karibuni tena, mama," mzee akasema.

Dada yangu huitikia kila salamu. Huwaaga hata mbuzi wa jirani. Alitoka bila kugeuza shingo, gongo la kulia, gongo la kushoto, watu wakampisha. Na mimi, mwenye hasira zangu zote, nikiwa nimeikumbatia mali yetu kifuani, nikahisi mdomo wangu unafunguka wenyewe kusema asante. Nikaufunga kwa nguvu.