Chupa ya Asubuhi

Nilimlisha mama yangu mtama kwa miezi, naye akanilisha uongo. Nasema hivi bila haya, maana hasira ile haijaniisha, ingawa mwenyewe alishazikwa zamani.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rangwe, nikiishi kwa wazazi. Mama alikuwa na kisukari, na kisigino chake kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, aliniambia waziwazi kwamba sukari ya damu isiposhuka, mguu utakatwa. Aache boflo, biskuti, jemu, soda na maziwa matamu ya mkebe, vitu vya dukani ambavyo ni mshahara wangu mwenyewe uliovileta nyumbani. Arudie ugali wa mtama, mnavu na samaki. Akanipa kichupa cha kioo cha kupimia mkojo na dawa ya buluu. Mkojo ukichemshwa humo pamoja na dawa ukabaki buluu, hakuna sukari. Ukigeuka mwekundu kama tofali, ni hatari.

Wiki ya kwanza ulikuwa mwekundu, ya pili ukaanza kuelekea kijani. Nikafurahi, nikaacha sukari hata kwenye chai yangu ili asione nampunja. Wiki ya tatu ukatoka buluu safi, na kila asubuhi baada ya hapo. Dresa akanisifu, akasema tukiendelea hivyo hatahitaji sindano.

Kwetu mtoto hamfuati mzazi wake msalani. Chupa ililetwa na mama mdogo, mke wa pili wa baba. Wake wenza hawa walikuwa hawaombani hata chumvi tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo nilimwona shahidi bora kuliko wote. Mke mwenza gani angemfichia mwenzake siri?

Kidonda kikazidi kunuka. Nikalaumu bandeji.

Ndipo mama mdogo akaenda matangani kwao, upande wa Mbita. Asubuhi hiyo mama aliiweka chupa mlangoni mwenyewe, akarudi ndani bila kunisalimia. Nikachemsha, ukawa mwekundu. Nikarudia, ukawa mwekundu tena. Nikaingia nyumbani mwake, nikavuta kapu lililokuwa chini ya kitanda. Mlikuwa na nusu ya boflo, mkebe wa jemu na chupa mbili tupu za soda.

Nilimuuliza mkojo niliokuwa nikiupima ulikuwa wa nani. Akaniambia ni wa mama mdogo.

"Wewe ulitaka buluu, nyathina, mwanangu," akasema. "Nikakupatia buluu."

Kisha akanieleza, tena kwa ukali, kana kwamba mkosaji ni mimi. Wanawake wa kanisani walikuwa wakija kumwombea kila Jumatano. Angewaandaliaje mtama, yeye mama wa mwalimu? Wangesema mtoto wake anakula mshahara peke yake. Na mkate ukishaletwa mezani, mwenye nyumba hawezi kukaa akiwatazama wageni wakila. Mama mdogo alipewa fungu lake ili anyamaze. Miaka yote baba alishindwa kuwapatanisha, jemu ikaweza.

Nililia siku ile. Sikulilia mguu wake. Nililia kwa sababu walikuwa wakinicheka.

Baada ya hapo kapu lilitolewa, na wageni wa Jumatano wakapewa uji wa wimbi. Walinung'unika, wakaunywa. Nyekundu ikaanza kufifia polepole, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Asubuhi moja mama alikuja mwenyewe na chupa, akiishika kwa mikono miwili, akasimama karibu nami hadi nilipomaliza kuchemsha. Ilikuwa buluu. Alikuwa akitabasamu.

Nikamuuliza huo ni mkojo wa nani.

Tabasamu likamtoka. Aliketi chini taratibu, akafungua kitambaa, akaninyooshea kisigino. Kidonda kilikuwa kimefunga, na mimi bado nilikuwa simwamini.